Mimi ndiye ninayewaandikia watu kila siku

Ndugu Mhariri,

Katika safu yako ya barua, msomaji mmoja alilalamika kwamba kila asubuhi akifungua simu anakuta barua pepe za matangazo zimejipanga kama wadai mlangoni. Akamalizia kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayekuandikia kila siku, alisema, ama bidhaa yake ni mbovu ama anakuona wewe huna akili.

Mimi ni mmoja wa hao wanaoandika kila siku. Barua yake nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, napiga mstari kila aliposema kweli. Mistari ikawa mingi kuliko nilivyotaka. Hata hivyo kuna mahali ametupiga wote kwa fimbo moja, na hapo ndipo naomba nafasi nimjibu.

Mimi ni fundi cherehani. Mgongo ulipoanza kunidai nikapunguza kushona nikaanza kufundisha kwa intaneti. Nauza paterni ambazo mtu anazichapa mwenyewe, anaunganisha karatasi na kukata kitambaa, na nauza masomo ya video. Sina duka, sina kibao barabarani, wala wa kunitangaza redioni. Nilicho nacho ni orodha ya watu walioniachia anwani zao za barua pepe wakaniambia, haya, tuandikie. Kila siku kabla sijapitisha uzi kwenye sindano, ninawaandikia barua moja. Huu ni mwaka wa saba.

Nianze na aibu yangu, kwa sababu kama msomaji huyo angekuwa kwenye orodha yangu mwaka wa kwanza, malalamiko yake yangenihusu neno kwa neno. Siku zile nilijifunza kuandika matangazo kwa kuiga. Nikiona wenzangu wameandika ZIMEBAKI SAA TATU kwa herufi kubwa, nami naandika. Wakiweka alama tatu za mshangao, naweka nne. Siku moja nikatuma barua kuhusu paterni ya gauni la mikono mirefu, nikasema zimebaki nakala kumi tu, atakayechelewa asinilaumu. Hazikupita dakika nyingi nikapata jibu kutoka kwa mwanafunzi mmoja, mtu mzima kwa jinsi anavyoandika:

"Fundi, habari za kazi. Mimi nilidhani hii paterni iko kwenye kompyuta. Kitu cha kwenye kompyuta kinabakije nakala kumi?"

Niliitazama sentensi ile mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe. Nakala hazikuwa kumi wala elfu. Lilikuwa faili moja, na hata likipakuliwa na dunia nzima linabaki palepale. Mtu yule alikwisha kununua kwangu mara mbili. Nikamjibu kwamba nimedanganya na nimeona haya, sikupamba. Hakujibu. Hajanunua tena mpaka leo. Na jina lake bado limo kwenye orodha, hajajiondoa, nami sijui kama huwa anasoma au ameniacha tu niendelee kuongea peke yangu.

Kuanzia siku ile nilianza kujifunza upya, na safari hii mwalimu wangu alikuwa majibu ya watu. Nilichukua barua zote nilizokuwa nimekwisha kutuma nikazipanga kwa idadi ya watu walionijibu. Zile nilizozitolea jasho, zenye rangi na picha na punguzo, zilikuwa chini kabisa. Iliyokuwa juu niliiandika nikiwa nimechelewa, bila picha hata moja. Naomba niiweke hapa karibu yote, kwa sababu nikiieleza tu haitaeleweka. Kichwa chake kilikuwa maneno mawili, "Cherehani haiumwi," na chini yake:

"Jana usiku cherehani yangu ilianza kuruka mishono. Wa kwanza mzuri, wa pili mzuri, wa tatu haupo. Nikakaza uzi wa juu. Nikalegeza. Nikatoa bobini nikairudisha. Nikafungua kifuniko nikapuliza vumbi. Nikaenda kutafuta bisibisi. Nimeshaishika skurubu ya kwanza ndipo nikakumbuka kuitazama sindano.

"Nikaichomoa nikailaza juu ya kioo cha simu, upande wake bapa ukiwa chini, nikainama nikachungulia kwa pembeni. Sindano nzima huacha mwanya ulio sawa kati yake na kioo, toka juu hadi nchani. Yangu ilikuwa imeinua pua.

"Wanaoshona sana wanasema sindano ibadilishwe baada ya saa nane hivi za kushona. Mimi niliyekufundisha hilo nilikuwa na ile ile tangu sijui lini. Leo kabla hujaanza kazi chomoa ya kwako uilaze juu ya kioo. Ikiwa sawa, irudishe, sukuma mpaka juu kabisa ndipo ukaze. Ikiwa imepinda, itupe, na usimwite fundi wa mashine kwanza.

"Somo langu la makosa ya mshono linaanza na hili na yapo mengine kumi na moja. Liko hapa."

Basi. Pale kwenye "hapa" palikuwa na kiungo cha kubofya. Watu wakanijibu siku nzima. Mmoja alipiga picha sindano tatu juu ya kioo, zote zimepinda, akaandika, "Fundi, kumbe mimi nashona na misumari." Na somo lilinunuliwa kuliko siku zote za saa tatu zimebaki.

Nimekaa na barua hiyo muda mrefu nikijiuliza ilifanya nini. Kwanza inaanzia ndani ya tatizo. Haianzi na "tunayo furaha kuwatangazia," maana furaha yangu haimhusu mtu ambaye mshono wake unaruka. Halafu mimi mwenyewe ndiye niliyekosea. Ningeandika kwamba wanafunzi wengi hawabadilishi sindano ningekuwa nawakaripia, lakini nilipoandika kwamba nimesahau, kila mmoja alikwenda kuitazama ya kwake bila kuona haya. Tena inampa msomaji kazi ya dakika moja ambayo haihitaji kununua chochote, na akiifanya anapata ushahidi kwa macho yake kwamba ninachosema ni kweli. Sindano inatetea maneno yangu kuliko sifa yoyote ambayo ningejipa. Mwisho nauza, wazi wazi, kwa sentensi moja, na kiungo ni kimoja. Zamani nilikuwa naweka viungo sita nikidhani nampa mteja uhuru wa kuchagua. Aliyepewa milango sita husimama uani.

Hapo kwenye kuuza wengi wa kazi hii hatuelewani. Wapo wanaoshauri uandike mambo ya msaada kwa wiki kadhaa, kimya kuhusu biashara, kisha siku moja ujitokeze na bidhaa. Mimi naona hiyo ni hila, na wapokeaji huinusa. Wanazoea kwamba huyu ni mtu wa kutoa bure, halafu ghafla anakuja amevaa suti, sauti imebadilika. Afadhali kila barua iwe na mstari wake mmoja wa kuuza, mdogo, usioomba radhi. Aliyejiandikisha anajua tangu siku ya kwanza kwamba mimi ni mfanyabiashara, na asiyehitaji leo anaupita mstari ule kama mtu anavyopita meza ya karanga asizozitaka, bila kinyongo.

Sasa nije kwenye lile neno lililomuudhi zaidi msomaji wako, kila siku. Kwa nini isiwe mara moja kwa mwezi, kwa adabu?

Niliwahi kuandika mara moja kwa mwezi. Kila nilipotuma, watu walijiondoa kwa wingi, na wengine wakaniripoti kwamba ni barua taka. Nilishangaa, maana barua moja kwa mwezi inamsumbua nani? Ndipo mmoja akanijibu kwa maneno mawili: "Wewe nani?" Hakuwa mkali, alikuwa amenisahau. Alijiandikisha siku anatafuta paterni ya suruali, akaipata, na siku thelathini baadaye barua yangu ilimfikia kama mgeni anayebisha hodi usiku. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Halafu kuna hili. Siku ambayo zipu itamshinda mtu, mimi siijui. Inaweza kuwa Jumanne, inaweza kuwa mwezi wa sita kutoka sasa, saa tatu usiku, nguo ya mtu inatakiwa kesho. Siwezi kuilenga siku hiyo. Ninachoweza ni kuwa karibu ili ikifika, jina la kwanza kumjia kichwani liwe langu. Naandika barua mia tatu na kitu kwa mwaka, na kwa kila msomaji labda mbili tu zitaangukia siku yake. Sijui ni zipi, kwa hiyo sina budi kuandika zote, na kila moja isomeke hata kwa yule ambaye siku yake haijafika.

Hapo ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoharibu. Wanaambiwa kila siku, wanachukua tangazo lile lile wanalibadilisha rangi. Jumatatu punguzo, Jumanne punguzo linaendelea, Jumatano tumeongeza muda wa punguzo kwa sababu mmetuomba (nani ameomba?). Huyo hata akiandika mara moja kwa mwaka anachosha. Mimi nina daftari dogo kando ya cherehani, limechafuka chaki, na kila kitu kinachonisimamisha nikiwa nashona nakiandika neno moja tu: "kwapa," "uzi umefunga kiota," "mkasi wa karatasi." Kesho yake asubuhi nachagua neno moja linakuwa barua. Siku nisiposhona sina cha kuandika, na siku hizo barua zangu huwa mbaya, watu huniambia. Niseme pia kwamba kuandika kila siku kumenifanya niwe fundi mzuri zaidi, kwa sababu siwezi tena kukosea bila kujiuliza nimekoseaje.

Kuna barua moja niliyoipokea ambayo ningependa msomaji wako aisome. Ilitoka kwa mtu aliyekuwa kwenye orodha karibu miaka mitatu bila kununua hata kitu kimoja. Watu wa hesabu wangeniambia nimfute, anachukua nafasi tu. Siku moja nikaona amenunua masomo yote kwa mkupuo, nikadhani ni hitilafu ya malipo. Nikamwandikia kuuliza. Akajibu: "Si makosa, fundi. Nilikuwa sina cherehani. Nilikuwa nasoma tu. Jana nimeipata."

Miaka mitatu mtu anasoma habari za mishono hana hata sindano. Nimejaribu kuhesabu ni barua ngapi zile, nikaacha. Ukimuuliza mteja kama huyo kwa nini hakununua kwa mwingine mwenye bei nafuu, na wapo, nadhani hata swali lenyewe atalishangaa.

Msomaji wako pia ameandika kana kwamba kero hii ni ya juzi. Ina umri wa kutosha. Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine mtandaoni mwaka 1971, na ndiye aliyeichagua ile alama ya @ itenganishe jina la mtu na la kompyuta yake. Haikutimia miaka 7. Mei 1978 mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, Gary Thuerk, aliwaandikia watu karibu 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, kuwaalika kwenye maonyesho ya mashine mpya. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Lawama zilimiminika, na kwa maelezo yake mwenyewe mauzo nayo yalimiminika. Ninavyoona mimi, balaa lilianzia kwenye hayo mambo mawili kutokea kwa pamoja. Tangu wakati huo kila mwenye haraka huyatazama mauzo akaziba masikio.

Ndiyo maana zikaja sheria, na ningependa msomaji wako azijue kwa sababu ni silaha yake. Marekani ilitunga ya kwao, CAN-SPAM, mwaka 2003. Inakataza kichwa cha barua kinachodanganya kuhusu kilichomo ndani. Inataka barua iwe na anwani halisi ya posta ya anayetuma. Mtu akisema nitoeni, atolewe ndani ya siku 10 za kazi, wala asidaiwe ada wala taarifa nyingine zaidi ya anwani yake ya barua pepe. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zake za kulinda taarifa binafsi za watu, GDPR, zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, unataka ridhaa ya wazi, na kisanduku ambacho mwenye tovuti amekwisha kukiwekea tiki kwa niaba yako hakihesabiwi kuwa ridhaa. Kisha Februari 2024 Google na Yahoo wakakaza zaidi. Anayewatumia watu wa Gmail barua 5,000 au zaidi kwa siku sharti athibitishe kwamba barua inatoka kwake kweli, aweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja tu, amtoe anayetaka kutoka ndani ya siku 2, na wanaomripoti kuwa ni barua taka wasifikie asilimia 0.3, yaani watu 3 katika barua 1,000.

Nimezisoma kanuni hizo kwa makini, maana zinanihusu, na hakuna hata moja inayohesabu ni mara ngapi kwa wiki unaandika. Zinauliza kama uliitwa, kama unasema kweli, na kama mlango wa kutokea uko wazi.

Kuhusu mlango huo namuunga mkono msomaji wako kwa mikono miwili. Niliwahi kujaribu kujiondoa kwenye orodha ya kampuni moja. Kiungo cha kujiondoa kilikuwa chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu juu ya kijivu. Nikabofya, nikaambiwa niingize nywila. Nywila ya nini, mimi nataka kuondoka? Sikuikumbuka. Nikaambiwa watanitumia barua pepe ya kuibadilisha. Nikaibadilisha, nikaingia, nikakuta ukurasa una visanduku kama ishirini vya kuondoa tiki kimoja kimoja. Nikaviondoa vyote. Kesho yake asubuhi barua ikaja: "Tumekukumbuka!" Tangu siku hiyo kiungo cha kujiondoa kwangu kiko juu, mstari wa pili, kabla hata sijasalimia. Wenzangu waliniambia nitabaki peke yangu. Sijabaki peke yangu. Waliotoka walikuwa wametoka zamani, mimi ndiye nilikuwa sijui.

Nikiwa kwenye toba, niseme na la majina. Programu za kutuma barua huweza kujaza jina la kila mpokeaji zenyewe, na wataalamu husisitiza kwamba mtu akiona jina lake moyo unalainika. Nikafuata ushauri. Sijui nilibonyeza nini, barua ikaenda kwa orodha nzima imeandikwa "Mpendwa JINA LA KWANZA." Majibu ya siku hiyo ninayo mpaka leo. "JINA LA KWANZA hajambo, fundi, anakusalimu." "Jina la pili amenuna." Nimeacha. Siku hizi nasalimia "fundi mwenzangu," na hakuna anayehisi amepungukiwa, kwa kuwa nikiandika namfikiria mtu mmoja, siandikii umati. Ninamjua kabisa, alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza, aliyekuwa akiuma midomo kila akifika kwenye kola. Nikiona sentensi ambayo nisingeweza kumwambia uso kwa uso, naifuta. "Ndugu wateja wetu wapendwa" huwezi kumwambia mtu uso kwa uso.

Kuna kingine ambacho nilikuwa nakihesabu na sasa nimekiacha, idadi ya waliofungua barua. Inavyofanya kazi, ndani ya barua hufichwa picha ndogo isiyoonekana, nukta moja tu, na simu ya mtu ikiipakua, seva, yaani kompyuta inayoihifadhi picha hiyo, inaandika kwamba fulani amefungua. Mwaka 2021 Apple waliweka kinga kwenye programu yao ya barua, na kwa anayeiwasha, picha zinapakuliwa kabla, asome asisome. Hesabu zangu zikapanda kama moto wa nyasi. Nilisherehekea siku mbili nzima, nikamwambia kila mtu, mpaka aliponifafanulia kijana mmoja kwamba ninaowashangilia ni mashine. Sasa nahesabu majibu. Mtu akichukua muda wake akaandika hata "asante fundi," huyo yupo. Na ninamjibu kila mmoja. Hapo ndipo inapotoka nusu ya maneno ya lile daftari.

Kichwa cha barua nacho nina la kusema, kifupi. Simu inaonyesha maneno machache tu, kwa hiyo lile zito liwekwe mbele. Na anayeandika "Jibu:" mwanzoni ili udhani mlikuwa mnaongea, atapata watu wa kufungua, na kila aliyefungua ataifunga akiwa amekasirika.

Methali ya msomaji wako siipingi. Kizuri chajiuza, sawa, lakini kinajiuza kwa anayekiona. Sindano nzuri iliyo ndani ya kasha ndani ya droo haijiuzi. Na kuna upande ambao namkubalia kabisa. Biashara nyingine hazina haja ya kuandika kila siku. Anayeuza kitu ambacho mtu hununua mara moja maishani, na hana la kumfundisha kati ya hapo, atamwambia nini Alhamisi? Anyamaze. Na hata kwenye orodha ya watu wanaoshona, si wote wana nafasi. Baada ya kusoma gazeti lako siku ile niliongeza kiungo kingine kando ya kile cha kujiondoa: bofya hapa nikuandikie Jumamosi tu. Wamebofya wachache, mmoja wao ananijibu kila Jumamosi kwa urefu kunizidi mimi. Kiungo hicho ni chake msomaji wako, yeye ndiye aliyenifumbua macho, nami namshukuru.

Barua ya leo kwa watu wangu bado haijatoka, kwa sababu nimeitumia asubuhi kuandika hii, na wawili wameshaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimeianza. Inahusu zipu niliyoishona jana kwa kujiamini, nikaivuta juu, ikafunga vizuri kabisa, ndipo nikagundua kishikio kiko upande wa ndani. Sijaamua kama niwaambie nilivyoifumua au nilivyoiacha.

Wako,
Fundi cherehani, msomaji wa gazeti lako